Usikike unapozungumza mtandaoni: Matumizi ya hedseti kwenye kipakatalishi

TANGU Machi 2020, virusi vya korona vilipothibitishwa kuingia nchini, shughuli nyingi ambazo awali zilimlazimu mtu kupanda matatu na kusubiri kwenye benchi zimehamia kwenye skrini ya tarakilishi. Mahakama zilianza kusikiza kesi kwa njia ya video, na hadi leo vikao vingi huendeshwa hivyo. Vyuo vikuu viligeukia mafunzo ya mtandaoni, na mnamo Agosti 2023 Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilitunukiwa hati yake, kikawa chuo kikuu cha umma ambacho ufundishaji wake hufanyika mtandaoni. Waajiri nao, wa humu nchini na wa ng'ambo, huwahoji wanaotafuta kazi kwa njia iyo hiyo.

Katika vikao hivi vyote, sauti ndiyo nguzo. Picha ikiganda kwa dakika moja, mazungumzo yanaweza kuendelea. Sauti ikipotea, ama kikao husimama, ama huendelea bila yule asiyesikika. Hakimu hawezi kunakili ushahidi ambao hakuusikia. Mwajiri mwenye watu kumi wa kuwahoji kwa siku moja hawezi kumsubiri mmoja wao apekue nyaya zake kwa robo saa. Mwanafunzi anayejibu swali kwa sauti inayokatikakatika huonekana kana kwamba hajui jibu. Kwa hivyo suala la maikrofoni, ambalo wengi hulichukulia kuwa dogo na la mafundi pekee, linaweza kuamua hatima ya kesi, ajira au mtihani.

Makala haya yanaeleza namna ya kutumia hedseti yenye maikrofoni pamoja na kipakatalishi, na namna ya kuzitambua kasoro zinazojitokeza mara kwa mara. Jambo kuu la kukumbuka ni kwamba sauti yako hupitia milango minne kabla ya kumfikia msikilizaji: plagi, chaguo la kifaa, ruhusa na kiwango. Aghalabu hedseti inayodhaniwa kuwa mbovu ni nzima kabisa, ila mmoja kati ya milango hiyo umefungwa. Anayeikagua minne yote kwa utaratibu huokoa muda, na mara nyingi huokoa pia pesa za kununua hedseti nyingine.

Maana ya maneno

Kipakatalishi ni tarakilishi ya kubebeka, ile ambayo wengi huiita laptopu. Hedseti ni spika ndogo za masikioni zilizounganishwa na maikrofoni ya kuzungumzia. Katika hedseti nyingi maikrofoni hiyo hukaa kwenye mkono mwembamba unaoelekea kinywani. Katika spika za masikioni zinazouzwa pamoja na simu, maikrofoni huwa imefichwa ndani ya kijisanduku kidogo kwenye waya, karibu na kidevu.

Neno kipaza sauti tumeliepuka kimakusudi. Katika mazungumzo ya kila siku neno hilo hutumiwa kwa chombo kinachopokea sauti ya msemaji na vilevile kwa kile kinachoitoa sauti hiyo kwa hadhira. Kwenye tarakilishi vyombo hivi viwili huwekwa mahali tofauti, na kuvichanganya ni chanzo cha matatizo mengi. Hapa tutasema maikrofoni kwa kinachopokea na spika kwa kinachotoa.

Kwa nini maikrofoni ya nje?

Takriban kila kipakatalishi cha kisasa kina maikrofoni yake ya ndani, ambayo kwa kawaida huwa karibu na kamera au karibu na kibodi. Huenda mtu akauliza, basi kuna haja gani ya kuongeza nyingine? Jibu ni umbali.

Kanuni ya fizikia yasema kwamba, mahali pa wazi, umbali kati ya chanzo cha sauti na chombo cha kuipokea ukiongezeka maradufu, nguvu ya sauti hiyo hupungua hadi robo. Chukua mfano wa msemaji aliyeketi sentimita 60 kutoka kwa maikrofoni ya kipakatalishi. Akivaa hedseti ambayo maikrofoni yake iko sentimita 3 kutoka kinywani, umbali umepungua mara 20, na nguvu ya sauti yake inayoifikia maikrofoni imeongezeka mara 400. Sauti ya mvua juu ya paa la mabati, honi za barabarani, jenereta ya jirani au watoto wanaocheza uani haziongezeki hivyo, maadamu hazikusogea karibu. Sauti ya msemaji huzipita kelele hizo kwa mbali.

Hii ndiyo sababu hedseti ya bei nafuu iliyovaliwa ipasavyo humshinda mwenye kipakatalishi cha bei ghali anayezungumza akiwa ameegemea kiti. Faida ya pili ni kwamba sauti za wenzako hubaki masikioni mwako, hazitoki kwenye spika na kuingia tena kwenye maikrofoni. Mwangwi unaowaudhi watu vikaoni huzaliwa na mzunguko huo. Faida ya tatu ni ya faragha: aliye chumba kimoja nawe hasikii anayosema wakili wako.

Historia fupi

Maikrofoni ndogo tunazozitumia leo zina asili yake katika maabara ya Bell Laboratories nchini Marekani, ambako mnamo 1962 James West na Gerhard Sessler walivumbua maikrofoni ya elektreti. Chombo hiki hutumia utando mwembamba wa plastiki ulioshikilia chaji ya umeme ya kudumu. Utando ukitikiswa na sauti, hutoa mawimbi madogo ya umeme. Kwa kuwa ilikuwa ndogo na rahisi kutengeneza, maikrofoni hiyo iliingia kwenye simu, vinasa sauti na hedseti kote duniani.

Nayo hedseti nyepesi yenye maikrofoni iliwalenga kwanza watu ambao mikono yao ilikuwa na kazi nyingine, hasa marubani. Kampuni ya Plantronics ilianzishwa California mnamo 1961 kwa madhumuni hayo, na maneno ya Neil Armstrong kutoka mwezini mnamo Julai 1969 yalipitia hedseti ya kampuni hiyo. Rubani anayezungumza katikati ya ngurumo za injini huhitaji kile kile anachohitaji shahidi aliye chini ya paa la mabati wakati wa masika: maikrofoni iliyo karibu na kinywa.

Mlango wa kwanza: Plagi

Hedseti huunganishwa na kipakatalishi kwa njia tatu: plagi ya duara ya milimita 3.5, plagi ya USB, na Bluetooth isiyotumia waya. Kila njia ina tabia zake.

Plagi ya duara ndiyo kongwe na ndiyo inayowatatiza wengi. Ni kitukuu cha plagi kubwa ya milimita 6.35 iliyotumiwa na wahudumu wa mabodi ya simu katika karne ya 19. Itazame kwa makini na uhesabu pete nyembamba za plastiki zilizoizunguka. Yenye pete mbili ina sehemu tatu za chuma, na yenye pete tatu ina sehemu nne.

Plagi ya sehemu tatu hufanya kazi moja tu. Ama hupeleka sauti kwenye masikio yote mawili, ama huleta sauti ya maikrofoni. Haiwezi kuyafanya yote mawili. Hii ndiyo sababu hedseti za zamani za tarakilishi zina plagi mbili, moja ya waridi kwa maikrofoni na nyingine ya kijani kwa spika. Rangi hizo zilipendekezwa katika mwongozo wa PC 99 uliotolewa na kampuni za Intel na Microsoft, na bado zinaonekana nyuma ya tarakilishi nyingi za mezani, zikiwemo zile za vituo vya mtandao mitaani.

Plagi ya sehemu nne hubeba vyote kwa pamoja: sikio la kushoto, sikio la kulia, maikrofoni na waya wa kurudishia umeme. Ndiyo inayopatikana kwenye spika za masikioni za simu. Vipakatalishi vingi vya miaka ya karibuni vina tundu moja tu linalopokea plagi hii, na kando yake huchorwa picha ya spika za masikioni zenye maikrofoni. Iwapo picha hiyo haina maikrofoni, tundu hilo huenda likawa la kusikilizia tu.

Matatizo huzuka pale vizazi hivi viwili vinapokutana. Ukiichomeka plagi ya waridi kwenye tundu moja la kipakatalishi kipya, maikrofoni haitafanya kazi, kwa kuwa inagusa sehemu zilizotengewa spika. Ukiichomeka plagi ya simu kwenye tundu la waridi la tarakilishi ya zamani, matokeo ni yayo hayo. Tiba ni adapta yenye umbo la herufi Y, lakini msomaji awe mwangalifu anapoinunua, kwani zipo za aina tatu zinazofanana kwa macho.

Aina ya kwanza ina matundu mawili na plagi moja ya sehemu nne. Hii huiwezesha hedseti ya plagi mbili kutumika kwenye kipakatalishi kipya. Aina ya pili ina tundu moja na plagi mbili, nayo huiwezesha hedseti ya simu kutumika kwenye tarakilishi yenye matundu mawili. Aina ya tatu ina matundu mawili na plagi moja ya sehemu tatu. Imetengenezwa ili watu wawili wasikilize muziki pamoja, na haina msaada wowote kwa maikrofoni. Hesabu pete kabla ya kulipa.

Lipo tatizo jingine, adimu siku hizi. Mpangilio wa sehemu nne una mitindo miwili inayotofautiana katika nafasi ya maikrofoni na ya waya wa kurudishia umeme. Mmoja hujulikana kwa herufi CTIA, nao ndio ulioenea. Mwingine, OMTP, ulitumika kwenye baadhi ya simu za zamani. Hedseti ya mtindo wa pili ikiwekwa kwenye kipakatalishi cha mtindo wa kwanza, maikrofoni huwa kimya na sauti ya masikioni husikika kana kwamba inatoka ndani ya mtungi. Ukikutana na hali hiyo kwa hedseti kuukuu, tafuta nyingine.

USB ni njia rahisi zaidi kwa asiyependa kuhesabu pete. Hedseti ya USB hubeba ndani yake saketi ya kuigeuza sauti kuwa tarakimu, kwa hiyo haitegemei tundu la sauti la kipakatalishi. Hii ni nafuu kubwa pale tundu hilo limelegea au limeharibika. Vipakatalishi vyembamba visivyo na tundu la duara huhitaji adapta ya USB-C. Chagua adapta yenye saketi yake ya sauti ndani, kwa sababu zile zinazounganisha nyaya tu hazifanyi kazi kwenye tarakilishi nyingi.

Bluetooth huondoa waya lakini huja na masharti. Unaposikiliza muziki, hedseti ya Bluetooth hutumia mfumo wa sauti nzuri usiohusisha maikrofoni. Mara tu maikrofoni inapohitajika, mawasiliano huhamia kwenye mfumo wa simu, ambapo sauti hupimwa mara 8,000 au 16,000 kwa sekunde, ilhali ile ya CD hupimwa mara 44,100. Hii ndiyo sababu muziki uliokuwa mtamu hugeuka ghafla ukafanana na redio ya mbali pindi mkutano unapoanza. Si ubovu. Viwango vipya vya LE Audio vimelenga kuiondoa kasoro hiyo, ila lazima hedseti na kipakatalishi vyote viwe na uwezo huo. Kwa kikao kizito, waya una uhakika zaidi: hauishiwi na chaji, wala haujiunganishi na simu ya mtu mwingine nyumbani.

Mlango wa pili: Chaguo

Kuchomeka hedseti si sawa na kuichagua. Tarakilishi yenye maikrofoni mbili, ya ndani na ya nje, haina budi kuambiwa itumie ipi, na si lazima ichague unayoitaka. Baadhi ya vipakatalishi, vikihisi plagi imeingia, hufungua kidirisha kinachouliza ni kifaa gani kilichochomekwa. Wengi hukifunga bila kukisoma, au huchagua spika za masikioni, na maikrofoni ya hedseti husahaulika. Jibu sahihi ni hedseti, yaani spika pamoja na maikrofoni. Ukishakosea, ichomoe plagi na uichomeke upya ili uulizwe tena.

Kwenye Windows 11, fungua sehemu ya mipangilio iitwayo Settings, kisha System, kisha Sound. Chini ya neno Input utaona orodha ya maikrofoni zote. Chagua ile ya hedseti. Kwenye tarakilishi za Apple, nenda System Settings, kisha Sound, halafu Input. Kwenye Ubuntu ni Settings, kisha Sound.

Kisha kuna chaguo la pili ambalo wengi hawalijui. Programu za mikutano, zikiwemo Zoom na Microsoft Teams, zina orodha zao wenyewe za maikrofoni. Mtu anaweza kuwa ameichagua hedseti kwenye Windows, ilhali Zoom ingali inasikiliza maikrofoni ya ndani iliyotumika juma lililopita. Kwenye Zoom, bonyeza mshale mdogo ulio kando ya alama ya maikrofoni na uhakikishe jina lililotiwa alama ni la hedseti yako. Programu nyinginezo zina sehemu kama hiyo kwenye mipangilio yake.

Kuna njia ya haraka ya kujua maikrofoni ipi inatumika. Kikwaruze kifuniko cha maikrofoni ya hedseti taratibu kwa ukucha huku ukitazama mstari unaoonyesha kiwango cha sauti kwenye skrini. Mstari ukiruka, hedseti ndiyo inayosikiliza. Usipotikisika, gusa kipakatalishi karibu na kamera na kibodi. Ukiruka sasa, basi maikrofoni ya ndani ndiyo iliyo kazini na hedseti yako ni pambo tu.

Mlango wa tatu: Ruhusa

Kwa sababu za usalama, tarakilishi za kisasa haziziachi programu zisikilize maikrofoni bila idhini. Ukiwa uliwahi kubonyeza neno la kukataa, hata kwa bahati mbaya, kukataa huko hukumbukwa. Matokeo ni kimya kisichoeleweka: hedseti imechomekwa, imechaguliwa, lakini hakuna anayesikia chochote.

Kwenye Windows 11, nenda Settings, kisha Privacy & security, kisha Microphone. Hakikisha ruhusa ya jumla imewashwa, na ile ya programu unayoitumia vilevile. Teremka hadi chini, kwani programu zilizopakuliwa nje ya duka la Microsoft zina ruhusa yao ya peke yake. Kwenye Apple, ruhusa hizi zimo chini ya Privacy & Security, na mara nyingi ni lazima uifunge programu na kuifungua upya baada ya kuiruhusu.

Anayeingia kikaoni kupitia kivinjari kama vile Chrome au Firefox ana ruhusa nyingine ya kutoa, nayo huombwa na tovuti yenyewe. Bonyeza alama ndogo iliyo upande wa kushoto wa anwani ya tovuti ili uone iwapo maikrofoni imeruhusiwa au imezuiwa.

Hatimaye, kumbuka swichi za kunyamazisha. Zinaweza kuwa tatu kwa wakati mmoja: moja kwenye waya wa hedseti au kwenye mkono wa maikrofoni, nyingine kwenye kibodi ikiwa na taa ndogo, na ya tatu kwenye programu ya mkutano. Baadhi ya hedseti hujinyamazisha mkono wa maikrofoni unapoinuliwa juu. Swichi moja ikifungwa, kuzifungua nyingine mbili hakusaidii.

Mlango wa nne: Kiwango

Maikrofoni ikishafanya kazi, yafaa ifanye kazi kwa kiasi. Zungumza kwa sauti yako ya kawaida huku ukiutazama mstari wa kiwango. Ukifika theluthi mbili hivi ya urefu wake, hali ni nzuri. Ukigonga mwisho kila mara, sauti itakwaruza na maneno yatapasuka. Punguza kiwango kwenye mipangilio, usijaribu kunong'ona. Ukitikisika kwa shida, kiongeze, ila kwa hatua ndogo, maana kiwango kikubwa mno huibua uvumi kama wa upepo.

Mahali pa kuweka maikrofoni pana umuhimu mkubwa kuliko mipangilio yote. Iweke kando ya kona ya kinywa, umbali wa vidole viwili hivi kutoka midomoni. Usiiweke mbele ya kinywa moja kwa moja, kwani pumzi inayotoka unapotamka herufi kama P na B huipiga maikrofoni na kutoa mshindo. Usiiweke chini ya pua pia. Kama unatumia spika za masikioni za simu, usikishike kijisanduku cha maikrofoni kwa vidole wala usikiache kisuguane na kola ya shati, mkufu au mtandio. Mikwaruzo hiyo huonekana midogo kwako lakini humfikia msikilizaji kama ngurumo.

Kasoro za kawaida

Kasoro nyingine hujitokeza hata milango yote minne ikiwa wazi. Uvumi mzito usiokoma unaoanza mara chaja inapochomekwa aghalabu hutokana na umeme wa chaja kupenya kwenye saketi ya sauti, hasa pale ambapo soketi haina waya wa ardhini unaofanya kazi. Ichomoe chaja kwa muda uone. Uvumi ukitoweka, jaza betri mapema na uendeshe kikao bila chaja, au utumie hedseti ya USB.

Ukiisikia sauti yako mwenyewe ikirudi baada ya muda mfupi, huenda kosa si lako. Kwa kawaida sauti hiyo hutoka kwenye spika za mshiriki mwingine na kuingia kwenye maikrofoni yake. Mwombe kwa heshima azime maikrofoni yake asipozungumza, au avae hedseti.

Sauti ikisikika katika sikio moja tu au ikikatika unapoutikisa waya, huenda waya umekatika ndani karibu na plagi, au plagi haikuzama hadi mwisho. Vifuniko vya kukinga kipakatalishi wakati mwingine huizuia plagi isiingie kikamilifu.

Sauti inayokatika na kugeuka kama ya roboti ni suala tofauti. Mara nyingi chanzo chake ni mtandao, si maikrofoni. Kuna njia ya kutofautisha: jirekodi kwenye kipakatalishi bila kutumia mtandao. Rekodi ikiwa safi, usiilaumu hedseti. Zima kamera ili kupunguza mzigo wa data, sogea karibu na kifaa cha Wi-Fi, na uwaombe walio nyumbani wasitazame video kwa muda huo.

Kujaribu kabla ya saa

Jaribio la kweli hufanywa siku moja kabla ya kikao, mahali pale pale na kwa vifaa vile vile vitakavyotumika. Fungua programu ya kurekodi, ambayo kwenye Windows 11 huitwa Sound Recorder, na useme kwa nusu dakika. Taja jina lako, tarehe na tarakimu kadhaa, kwani majina na tarakimu ndivyo vinavyopotea upesi sauti ikiwa mbaya, na ndivyo vinavyonakiliwa mahakamani. Kisha sikiliza. Zoom ina mkutano wa majaribio unaopatikana kwenye anwani zoom.us/test, ambao humwezesha mtu kusikia sauti yake itakavyowafikia wengine.

Siku yenyewe, chomeka hedseti kabla ya kuifungua programu ya mkutano. Programu nyingi huchagua maikrofoni zinapofunguliwa, na hedseti inayoletwa baadaye huenda isitambuliwe. Funga programu nyingine zinazoweza kuishika maikrofoni. Weka spika za masikioni za simu pembeni kama akiba, pamoja na simu yenyewe ikiwa na chaji, ili umeme au mtandao ukipotea uweze kurejea kikaoni upesi.

Masikio, usafi na faragha

Anayevaa hedseti kutwa, kama vile wanaofanya kazi ya kunakili mazungumzo yaliyorekodiwa, ana wajibu wa kuyalinda masikio yake. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa juma kwa mtu mzima. Kelele za nje zikizidi, wengi huongeza sauti ya masikioni bila kujua. Ni salama zaidi kutumia hedseti inayofunika sikio lote na kuzuia kelele, kisha kuipunguza sauti.

Hedseti inayotumiwa na watu wengi ofisini au kituoni ipanguswe kabla ya kuvaliwa, na sponji za masikio na maikrofoni zibadilishwe zinapochakaa.

Mwisho ni tahadhari. Maikrofoni iliyo karibu na kinywa husikia hata mnong'ono. Minong'ono ya kumshauri shahidi, malalamiko dhidi ya mwajiri, au ugomvi wa nyumbani huweza kuwafikia watu wasiokusudiwa. Nyamazisha maikrofoni kila unapomaliza kuzungumza, na kikao kikiisha, toka kabisa kwenye programu kabla ya kuivua hedseti.

Milango ni minne, na ukaguzi wake hauchukui dakika kumi: plagi iliyoingia hadi mwisho, kifaa kilichochaguliwa mahali pawili, ruhusa iliyotolewa, na kiwango kilichopimwa. Zitumie dakika hizo mapema, ili mtu wa kwanza kuisikia sauti yako siku hiyo asiwe hakimu wala mwajiri, bali wewe mwenyewe.